Data ya Ufuatiliaji wa Kerneli Inaposomwa Visivyo: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, haiandiki matukio kwa maneno. Inapofuatilia mwito wa mfumo (programu inapoiomba kerneli huduma), au zamu ya programu moja kuiachia nyingine prosesa, huweka baiti chache tu ndani ya bafa, yaani hifadhi ya muda, bila majina ya nyuga (sehemu za data) na bila alama za kuzitenganisha. Maana ya baiti hizo hukaa mahali pengine, katika faili liitwalo `format` ambalo kerneli hulitoa kwa kila tukio chini ya saraka ya `/sys/kernel/tracing/events`. Programu ikisoma baiti za kerneli moja kwa maelezo ya kerneli nyingine, itatoa majibu kama kawaida, tena yamepangwa vizuri katika safu, na majibu hayo yatakuwa ya uongo. Hitilafu inayokataa kazi waziwazi ni afadhali kuliko hii, ambayo inaweza kumfanya mhandisi aisake kwa siku kadhaa programu inayosoma diski kupita kiasi ilhali programu ya namna hiyo haipo kabisa.

Hapa Nairobi tatizo hili huchochewa na jinsi kazi zilivyogawanyika. Seva iko katika kituo cha data kando ya Barabara ya Mombasa, au imekodishwa Frankfurt. Msimamizi wa zamu huchukua rekodi usiku, na mhandisi huifungua asubuhi akiwa Kilimani au Westlands, kwenye laptopu yenye toleo tofauti la Linux. Maelezo yafuatayo yametokana na hitilafu ambazo timu za namna hiyo huziripoti tena na tena. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi ndicho kinachotangulia, na ukaguzi mwepesi huja kabla ya marekebisho mazito. Msimamo wangu ni mmoja: maelezo ya muundo lazima yasafiri pamoja na data iliyoandikwa kwa muundo huo, na mahali pa uga hapafai kukaririwa wala kunakiliwa kutoka mashine nyingine.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili faili la rekodi na ufanye kazi kwenye nakala. Kisha, kwenye mashine iliyotoa rekodi, si kwenye laptopu yako, hifadhi matokeo ya amri hizi:

```
uname -r -m
getconf LONG_BIT
perf --version
sha256sum trace.dat
```

Amri ya pili hueleza programu za kawaida zimejengwa kwa biti ngapi, na jibu lake si lazima lilingane na kerneli. Kuna kompyuta za Raspberry Pi, kwa mfano, zinazoendesha kerneli ya biti 64 huku programu zake zote zikiwa za biti 32.

Hifadhi pia maelezo ya matukio unayoyahitaji, kabla seva haijawashwa upya na kabla masasisho ya usiku hayajabadilisha kerneli:

```
cat /sys/kernel/tracing/events/raw_syscalls/sys_enter/format > sys_enter.format
```

Usitumie `tar` kuibeba saraka hiyo moja kwa moja. Mafaili yake huonyesha ukubwa wa sifuri hata yanapokuwa na maandishi ndani, na `tar`, ambayo huamini ukubwa ulioandikwa, itakupa kifurushi kilichojaa mafaili matupu. Katika kerneli zilizotangulia toleo la 4.1, saraka yenyewe hupatikana kwenye `/sys/kernel/debug/tracing`.

Tahadhari: kusoma `trace_pipe` huondoa data kwenye bafa, na kilichosomwa hakirudi. Ukitaka kutazama bila kupoteza kitu, soma faili la `trace`.

Dalili ya kwanza: zana inakataa kulifungua faili

Kisababishi kikuu hapa ni faili ambalo halikukamilika. Zana ya `perf`, mojawapo ya zana za kurekodi matukio ya kerneli, hujaza ukubwa wa data kwenye kichwa cha faili inapomaliza kazi, kwa hiyo ikiuawa kwa nguvu, au umeme ukikatika, ukubwa hubaki sifuri, na unapolifungua faili unaonywa hivi:

```
WARNING: The perf.data file's data size field is 0 which is unexpected.
```

Anza kwa kulinganisha `sha256sum` (alama inayothibitisha kuwa yaliyomo ni yaleyale) ya faili lililoko kwenye seva na la nakala uliyopokea, kwa maana mara nyingi rekodi iko salama na ni upakuaji uliokatika katikati. Ikiwa zana iliyotumika ni `trace-cmd` na umeyakuta mafaili ya `trace.dat.cpu0`, `trace.dat.cpu1` na kuendelea, basi rekodi ya kila prosesa ipo na kilichokosekana ni kuziunganisha. Amri ya `trace-cmd restore` hufanya kazi hiyo. Kama hata kichwa cha faili kimepotea, `trace-cmd restore -c` hutengeneza kingine kutoka mashine inayoendesha amri hiyo, na hapo pana hatari: lazima iwe mashine ileile, kerneli ileile, na ikiwezekana haijawashwa upya, kwa sababu namba za utambulisho wa matukio hugawiwa kadiri kerneli na moduli zake (vipande vya msimbo vinavyoongezwa kwenye kerneli) zinavyopakiwa.

Kisababishi cha pili ni zana ya zamani kupewa faili jipya. Kuanzia toleo la 3.0, `trace-cmd` ina muundo wa saba wa faili la `trace.dat`, unaoruhusu data kubanwa, na matoleo ya awali huelewa muundo wa sita pekee. Tazama baiti za mwanzo:

```
od -A d -t x1z -N 16 trace.dat
```

Utaona 17, 08 na 44, kisha neno `tracing`, na linalofuata ni tarakimu ya muundo: 6 au 7. Dawa yake ni kusakinisha zana mpya kwenye laptopu. Pale ambapo haiwezekani, mwenye zana mpya aligeuze faili:

```
trace-cmd convert --file-version 6 -i trace.dat -o trace6.dat
```

Katika Ubuntu kuna kisababishi cha tatu ambacho hujieleza chenyewe, nacho ni kukosekana kwa kifurushi cha `linux-tools` kinacholingana na kerneli inayoendesha. Ujumbe wa kosa hutaja kifurushi cha kusakinisha. Wanaojijengea `perf` wenyewe wajue kwamba tangu kerneli ya 6.2, maktaba ya libtraceevent haimo tena katika msimbo wa kerneli, na `perf` iliyojengwa bila maktaba hiyo haiwezi kufasiri matukio ya aina hii.

Kisababishi adimu kuliko vyote ni mpangilio wa baiti. Ukiona faili la `perf` linaanza na `2ELIFREP` badala ya `PERFILE2`, lilirekodiwa kwenye mashine inayotanguliza baiti kubwa, kama zilivyo baadhi ya ruta za MIPS. Zana zenyewe hujua kuligeuza. Hati uliyoandika mwenyewe kwa Python huenda haijui.

Dalili ya pili: [FAILED TO PARSE] badala ya maelezo ya tukio

Dalili hii hutisha kuliko inavyostahili. Nyuga zenyewe mara nyingi zimesomwa sawasawa. Kilichoshindikana ni mstari wa `print fmt`, ulio chini kabisa ya faili la `format`, ambao ni kipande cha msimbo wa C kinachoelekeza jinsi ya kuyapamba maandishi. Thibitisha kwa kuomba data ghafi:

```
trace-cmd report -R trace.dat
```

Namba zikionekana za kuaminika, endelea na uchunguzi wako ukitumia namba hizo na uache suala la mapambo lisubiri.

Mara nyingi kiini ni kwamba kerneli ni mpya kuliko zana, na mstari huo umetumia neno ambalo zana haijafundishwa. Sasisha libtraceevent kwanza. Jambo la pili la kuangalia ni programu-jalizi zinazofafanua vitendaji maalumu: zikikosekana, zana husema kwamba kitendaji fulani hakijafafanuliwa. Kwenye mashine iliyotoa rekodi, `trace-cmd check-events` hupitia matukio yote na kutaja yale yasiyofasirika. Ikiwa tukio linalosumbua ni la moduli mliyoandika wenyewe, chunguza kama `print fmt` ina majina ya orodha ya `enum`. Majina hayo yana maana kwa kikompaila tu, na nje ya kerneli hakuna ajuaye thamani zake. Tangu kerneli ya 4.1 kuna makro ya `TRACE_DEFINE_ENUM`, ambayo hubadilisha majina hayo kuwa namba kabla hayajatoka, na ndiyo suluhisho sahihi.

Dalili ya tatu: namba zinatoka, lakini haziingii akilini

Hapa ndipo pa kutumia muda. Dalili zenyewe ni kama hizi: programu zote zina utambulisho wa sifuri, kila mwito wa mfumo unaonekana kuwa `read`, matokeo ya mwito ni namba yenye tarakimu ishirini. Ukiona lolote kati ya hayo, usitafsiri chochote zaidi hadi ufanye jaribio la thamani unayoijua, kwa sababu ndilo linalomaliza ubishi upesi kuliko njia nyingine yoyote. Kwenye mashine yenye tatizo, endesha:

```
trace-cmd record -e raw_syscalls:sys_enter -F dd if=/dev/zero of=/dev/null bs=777 count=1
trace-cmd report
```

Programu ya `dd` itaandika baiti 777 mara moja, na 777 kwa hesabu ya kumi na sita ni 309. Kwenye prosesa ya x86 ya biti 64, ambako mwito wa `write` ni namba 1, lazima upate mstari wenye `NR 1`, kisha ndani ya mabano 1, anwani fulani, na 309 ikiwa ya tatu. Kwenye ARM ya biti 64, `write` ni namba 64. Sasa ipe data hiyohiyo programu yako inayoshukiwa. Ikiweka 309 katika nafasi ya tatu, muundo unalingana na kosa liko kwingine. Ikiiweka katika nafasi ya nne, umeshapata jibu: nyuga zimesogea baiti nane.

Ili kuelewa kusogea huko, yatazame maelezo ya tukio hilo kwenye kerneli ya kawaida ya biti 64:

```
field:unsigned short common_type;          offset:0;  size:2;  signed:0;
field:unsigned char common_flags;          offset:2;  size:1;  signed:0;
field:unsigned char common_preempt_count;  offset:3;  size:1;  signed:0;
field:int common_pid;                      offset:4;  size:4;  signed:1;

field:long id;                             offset:8;  size:8;  signed:1;
field:unsigned long args[6];               offset:16; size:48; signed:0;
```

Nyuga nne za juu ni za kila tukio na huchukua baiti nane. Watu wengi wameiona orodha hii mara nyingi kiasi kwamba wameandika 8 na 16 ndani ya msimbo wao kana kwamba ni sheria ya maumbile. Hicho ndicho kisababishi kikuu cha dalili hii, na kina historia. Mwaka 2011 programu ya PowerTOP, inayopima matumizi ya umeme, iliharibika baada ya uga mmoja wa pamoja kuondolewa kwenye kerneli, kwa sababu ilikuwa imeandika mahali pa nyuga ndani yake badala ya kusoma `format`. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliona kwamba kerneli haipaswi kuivunja programu inayotumiwa na watu, mabadiliko yakarudishwa nyuma, na PowerTOP nayo ikaja kurekebishwa ili isome maelezo ya muundo. Programu ya kampuni yako haitapata upendeleo huo.

Kisababishi cha pili ni kerneli yenye uga wa pamoja wa ziada. Baadhi ya kerneli zilizotiwa viraka vya muda halisi, na hata baadhi ya kerneli za wasambazaji wakubwa wa Linux ya mashirika, huongeza uga wa `common_preempt_lazy_count` kwenye nafasi ya 8. Ukubwa wake ni baiti moja tu, lakini `id` ni ya aina ya `long` na ni lazima ianze kwenye kigawe cha nane, kwa hiyo husukumwa hadi 16, na `args` hadi 24. Programu iliyokariri 8 itasoma uga huo mpya pamoja na pengo la kujazia linaloufuata, ambavyo mara nyingi ni sifuri. Na sifuri, kwenye x86 ya biti 64, ni `read`. Itasoma namba ya kweli ya mwito kana kwamba ni hoja (thamani ambayo mwito hupewa) ya kwanza, na hoja ya kwanza kana kwamba ni ya pili. Ripoti itaonyesha seva inayosoma tu bila kuandika lolote. Ukaguzi wake ni wa mstari mmoja:

```
grep common_ /sys/kernel/tracing/events/raw_syscalls/sys_enter/format
```

Majina yakizidi manne, usiendelee kutumia namba ulizozikariri.

Cha tatu ni namba ya tukio iliyonakiliwa. Mstari wa `ID` katika faili la `format` ni halali kwa kerneli hiyo tu, na matukio ya moduli yanaweza kupata namba nyingine moduli zikipakiwa kwa mpangilio tofauti. Programu inayoamini kwamba tukio namba 316 ni lilelile kwenye seva zote itafasiri tukio la diski kwa maelezo ya tukio la mtandao. Tafuta kwa jina, kisha usome namba, kila mara programu inapoanza.

Cha nne ni tofauti ya biti 32 na 64. Aina ya `long` ni baiti nne katika kerneli ya biti 32 na nane katika ile ya biti 64, na tofauti hiyo huanzia kwenye kichwa cha ukurasa wa bafa chenyewe. Soma `events/header_page`: kwenye biti 64 uga wa `commit` una baiti nane na data huanza baiti ya 16, ilhali kwenye biti 32 una baiti nne na data huanza ya 12. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa kerneli, si wa programu inayosoma.

Mwisho ni ishara ya hasi. Ukiona 18446744073709551605, hiyo ni -11 iliyosomwa kama namba isiyo na ishara, yaani kosa la EAGAIN (jaribu tena). Ikisomwa kwa baiti nne huwa 4294967285. Sehemu ya `signed` katika maelezo iko pale kwa ajili hiyo, na wengi huiruka.

Marekebisho ya kudumu ya visababishi hivi vyote ni mamoja. Katika C, acha kutangaza muundo wa tukio kwa mkono na utumie libtraceevent: `tep_find_field` hukupa uga kwa jina lake, na `tep_read_number_field` husoma thamani yake kwa kuzingatia ukubwa, ishara na mpangilio wa baiti. Katika hati za Python, soma `format` iliyohifadhiwa pamoja na rekodi na ujenge jedwali la nyuga kutoka humo. Programu ikikosa maelezo hayo, na isimame.

Dalili ya nne: majina ya mafaili na maandishi yametoka kama takataka

Maandishi yenye urefu usiojulikana hayakai ndani ya uga. Uga wa aina ya `__data_loc` una baiti nne tu: biti 16 za chini ni mahali maandishi yanapoanzia, zikihesabiwa toka mwanzo wa tukio, na biti 16 za juu ni urefu wake. Ukiona 655384 mahali palipotarajiwa jina la faili, igawe: ni 0x000a0018, yaani baiti 10 kuanzia baiti ya 24. Hakuna kilichoharibika, ila programu yako imechapisha ramani badala ya kuifuata.

Toleo la 5.17 la kerneli, la mwaka 2022, lilileta aina nyingine, `__rel_loc`, ambamo hesabu huanzia baada ya uga wenyewe. Programu isiyoitambua huangukia mwanzoni mwa tukio na kuchapisha baiti za utambulisho kana kwamba ni herufi. Sasisha zana, au kama msimbo ni wako, ongeza nafasi na ukubwa wa uga kwenye namba uliyoisoma.

Kuna pia ujumbe wa `trace_printk`. Kerneli huhifadhi anwani ya maandishi ya ujumbe, si maandishi yenyewe, na anwani hizo zinafafanuliwa na faili la `printk_formats`. Wanaobeba bafa ghafi bila faili hilo hubaki na anwani tupu, wala hakuna njia ya kuaminika ya kuyarudisha maneno kerneli ikishabadilishwa.

Dalili ya tano: nyakati hazioani

Ikiwa rekodi ya kerneli na kumbukumbu za programu zimetofautiana kwa saa tatu kamili, mtu mmoja anaandika kwa saa za UTC na mwingine kwa saa za Nairobi, na kerneli haihusiki. Hali nyingine zote zianze na amri ya `cat /sys/kernel/tracing/trace_clock`, ambapo saa inayotumika huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Saa ya `local`, ambayo ndiyo ya kawaida, ni nyepesi lakini haihakikishi upatanifu kati ya prosesa moja na nyingine, kwa hiyo tukio linaweza kuonekana limetangulia kisababishi chake. Saa ya `x86-tsc` huhesabu mizunguko ya prosesa, na anayeisoma kama nanosekunde hupata muda usio na maana. Kwa kulinganisha na programu zinazotumia CLOCK_MONOTONIC, chagua `mono`, au `perf record -k CLOCK_MONOTONIC`. Tahadhari: kubadilisha saa hufuta kilichomo kwenye bafa.

Waliojiandikia kisomaji cha bafa ghafi wana mtego wao. Kila tukio hubeba tofauti ya muda kutoka tukio lililotangulia kwa biti 27, na biti 27 za nanosekunde hazifiki zaidi ya takriban milisekunde 134. Kimya kikizidi hapo, kerneli hutanguliza rekodi maalumu ya kurefusha muda, ya aina namba 30. Kisomaji kinachoiruka hutoa nyakati sahihi mchana, seva inapokuwa na kazi nyingi, kisha hupotea usiku kazi zinapopungua. Kosa linalofuata kimya cha mfumo kwa namna hiyo si la vifaa.

Dalili ya sita: programu ya eBPF iliyofanya kazi jana imekataa leo

eBPF ni njia ya kuendesha programu ndogo ndani ya kerneli. Programu hiyo ikikataa, karibu kila mara kerneli imesasishwa. Mfano unaojulikana zaidi ni uga wa `state` wa `task_struct` (muundo ambao kerneli hutunzia habari za kila kazi inayoendeshwa), ambao katika kerneli ya 5.14 uliitwa `__state` na ukubwa wake ukabadilika. Programu zilizojengwa kwa vichwa vya zamani hazikuupata tena. Angalia kwanza kama `/sys/kernel/btf/vmlinux`, faili la BTF (maelezo ya miundo ya data ya kerneli), ipo. Ikiwepo, jenga programu kwa kuitegemea, ili mahali pa nyuga papatikane wakati wa kupakiwa, na utumie `bpf_core_field_exists` kuchagua kati ya jina la zamani na jipya. Isipokuwepo, kerneli ilijengwa bila `CONFIG_DEBUG_INFO_BTF`, na hilo ni suala la aliyeijenga.

Ujumbe wa `failed to validate module` wenye neno BTF na -22 una maana kwamba moduli ilijengwa kwa kerneli inayofanana na hii lakini si hii hasa. Ijenge upya. Usiilazimishe kwa `modprobe --force`. Moduli iliyoamini muundo usio sahihi huandika mahali pasipo pake katika kumbukumbu, na hapo tatizo la kusoma linageuka uharibifu wa data. Wanaojenga kerneli za zamani wakikutana na `Unknown kind:19` waangalie toleo la `pahole`, zana inayotengeneza BTF: kuanzia 1.24 huweza kutoa aina ya `ENUM64`, ambayo kerneli zilizotangulia 6.0 haziifahamu, na hunyamazishwa kwa `--skip_encoding_btf_enum64`.

Hali mbili zinazodhaniwa kuwa hitilafu

Miito ya programu za biti 32 haionekani katika matukio ya `syscalls` kwenye kerneli ya x86 ya biti 64. Imeachwa makusudi, kwa kuwa namba 1, ambayo ni `write` kwenye biti 64, ni `exit` kwenye biti 32, na kuzichanganya kungeleta uongo uleule tunaoukwepa. Vilevile, anwani zisizolingana na `/proc/kallsyms` (orodha ya anwani za kerneli na majina yake) huenda zimefichwa kwa usalama tu.

Wakati wa kusimama na kumwita mtaalamu

Simama ikiwa kerneli imetoa ujumbe wa `Oops` (taarifa ya kosa kubwa ndani ya kerneli) au seva imeganda mara ulipowasha tukio fulani. Zima ufuatiliaji kwa kuandika 0 kwenye `tracing_on`, kisha usijaribu tena kwenye mashine inayohudumia wateja. Simama pia ikiwa kerneli imefungwa kwa `lockdown` (hali ya usalama inayozuia kuichungulia kerneli) na tracefs, yaani mafaili ya `/sys/kernel/tracing`, inakataa kufunguka. Kuzima Secure Boot (ulinzi unaokagua programu mashine inapowaka) ili upate rekodi ni uamuzi wa mwenye mfumo na wa msimamizi wa usalama, si wa mhandisi wa zamu. Na kama jaribio la baiti 777 limefaulu kwa `trace-cmd` lakini moduli ya kampuni nyingine, isiyo na msimbo wazi, inaendelea kutoa namba za ajabu, tatizo liko mikononi mwa aliyeitengeneza.

Unapomwita, usimtumie rekodi nzima. Rekodi ya kerneli hubeba majina ya mafaili na ya programu, na wakati mwingine vipande vya data ya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuwajibisha kwa data binafsi inayotoka mikononi mwako hata kama aliyeipokea ni fundi. Mtumie mafaili ya `format` na `header_page`, matokeo ya amri za mwanzo, na rekodi ya jaribio la `dd` pekee, ambayo haina data ya mteja yeyote. Kwa mtaalamu anayeijua kazi yake, hivyo vinatosha kuonyesha kama nyuga zimesogea, na zimesogea kwa baiti ngapi.